Lavenda Nisiyoisikia

Kwa miaka sita nilikuwa nadondosha matone mawili ya mafuta ya lavenda, ua la kunukia, kwenye pembe ya foronya, upande wa ukutani, kisha nazima taa. Usingizi ulikuja kama mtu aliyeitwa kwa jina. Halafu Machi 2021 nikaugua ugonjwa ule ule uliokuwa ukizunguka dunia nzima, na usiku wa nne nikainama juu ya foronya nisipate kitu. Nikadhani chupa imezeeka. Nikafungua mpya. Kimya. Nikanusa sabuni, nikanusa dawa ya meno, mwishowe nikachukua soksi za mume wangu alizotoka nazo kazini, ambazo kwa kawaida hujitangaza zenyewe tangu mlangoni. Kimya.

Kiswahili kinasema mtu husikia harufu. Sikuwahi kuufikiria msemo huo mpaka siku ile. Nilikuwa kiziwi wa pua, na nyumba nzima ilikuwa imenyamaza.

Nilikaa hivyo miezi minane. Ninaandika leo kwa sababu kila ninapotaja habari hii naulizwa swali moja: hayo mafuta yanafanya kazi kweli, au watu wanajidanganya? Jibu langu si fupi, na nilikuja kulipata kipindi ambacho pua yangu haikuwa na faida yoyote.

Kwanza jina. Wengi siku hizi wanayaita "mafuta muhimu", na jina hilo linanikera. Umuhimu haumo humo. Jina la asili lilimaanisha mafuta yaliyobeba kiini cha mmea, yaani harufu yake, na aliyetafsiri akapitia njia ya mkato. Mimi nitayaita mafuta ya kunukia. Hata hilo neno "mafuta" lina walakini: ukidondosha tone la lavenda safi kwenye karatasi, kesho yake karibu lote limeyeyuka hewani. Hiyo ndiyo tabia yake kuu. Ni vitu vyepesi vinavyoruka, na kwa kuwa vinaruka, vinafika puani.

Dada yangu ndiye aliyeniingiza katika mambo haya. Yeye ni muumini. Alijiunga na kampuni moja ya kuuziana kwa mtandao wa marafiki, akawa na sanduku la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na chupa yake, na kila chupa na ugonjwa wake. Niliposema sisikii harufu alikuja siku hiyo hiyo na sanduku kwapani.

"Mdogo wangu, wewe vuta tu. Pua isiposikia, ubongo utasikia."

"Dada, ubongo utasikiaje kitu ambacho pua haijapokea?"

"Unapenda ubishi."

Ni kweli napenda. Kazi yangu ni kukagua hesabu za watu, na ukishazoea kuuliza risiti iko wapi, huachi hata ukiwa kitandani na homa. Lakini lile swali nililomuuliza kwa utani ndilo lililonikalia kichwani miezi yote ile, na kwa namna fulani sote wawili tulikuwa na haki.

Daktari wa masikio, pua na koo alinipa zoezi. Lilitokana na kazi ya Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyoichapisha mwaka 2009: harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kila moja kwa takribani sekunde kumi, kwa wiki 12. Waliofanya hivyo walirudishiwa uwezo wa kunusa kuliko wale ambao hawakufanya. Chupa nne zote zilikuwemo katika sanduku la dada. Akatabasamu lile tabasamu la watu walioshinda kesi bila kwenda mahakamani.

Nikaanza. Daftari likiwa mbele yangu, safu nne, alama kuanzia sifuri hadi kumi. Waridi: sifuri. Limau: sifuri. Karafuu: sifuri, ingawa niliandika pembeni "kama kuna ujoto?" Mkaratusi nilipoufungua, hewa ya baridi ikapanda mpaka katikati ya macho. Nilipiga kelele. Mume wangu alitoka bafuni na povu kichwani. Nikamwambia nimepona, nasikia mkaratusi!

Yeye si mtu wa kushangilia haraka. Alinifunga macho na kitambaa, akaanza kunipitishia chupa moja moja bila kusema ni ipi, akaongeza na kikombe cha maji matupu, kisha mnanaa wa sandukuni. Nilitofautisha mkaratusi na maji kila mara. Nilitofautisha mnanaa na maji kila mara. Lakini mkaratusi na mnanaa sikuweza kuvitenganisha hata kidogo; kwangu vyote vilikuwa upepo mmoja wa baridi. Waridi na maji vilikuwa kitu kimoja kabisa.

Sikuwa nimepona. Nilichokuwa nasikia hakikuwa harufu.

Puani kuna njia mbili za neva, na watu wenye afya hawajui kwa sababu zote mbili huzungumza kwa pamoja. Juu kabisa, karibu na usawa wa macho, kuna kipande kidogo cha utando wenye mamilioni ya neva za kunusa. Hizo ndizo zinazojua waridi ni waridi. Ya pili ni neva kubwa ya hisia za uso, iitwayo trijemina, ile ile inayokufanya utokwe machozi na uhisi jino linauma, na kazi yake ni kuhisi baridi, joto, muwasho na maumivu. Mentholi ya mnanaa hushika kipokezi cha neva hiyo kinachoitwa TRPM8, ambacho kimeumbwa kuhisi ubaridi. Kikishikwa na mentholi kinatoa taarifa kwamba kuna baridi, hata kama chumba kina joto la kutosha kukausha nguo. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 2002 na makundi mawili ya watafiti, la David Julius na la Ardem Patapoutian, ambao walikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao kuhusu hisia za joto na mguso. Virusi vilikuwa vimenichukulia neva ya kwanza na kuniachia ya pili.

Hapa kuna jambo linalonichekesha kila nikiwa na mafua. Ule "uzibukaji" wa pua unaoupata ukivuta mentholi haupo. Katika vipimo vilivyofanywa Cardiff, Uingereza, watu walivuta mentholi wakasema pua imefunguka, lakini mashine ya kupima mkondo wa hewa ikaonyesha hewa inapita vile vile. Ubongo unahisi baridi inapita, unahitimisha kwamba hewa nyingi inapita. Ni hesabu iliyoandikwa vizuri juu ya risiti ya uongo. Lakini nafuu unayoihisi ni ya kweli, na mtu aliyeziba pua usiku wa manane hahitaji zaidi ya hiyo.

Rudi kwenye ile neva ya kwanza, maana ndiyo yenye maajabu. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walieleza familia ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 wakapewa Nobel. Binadamu ana aina takribani 400 za vipokezi hivyo vinavyofanya kazi. Harufu moja hugusa vipokezi kadhaa, kipokezi kimoja hugusika na harufu kadhaa, na ubongo husoma mpangilio mzima kama mtu anavyosoma neno bila kuhesabu herufi. Kutoka puani taarifa hupita kwenye matundu madogo ya mfupa, huingia kwenye kivimbe kilicho chini ya ubongo wa mbele, na kutoka hapo hufika karibu moja kwa moja kwenye amigdala, panapochemka hofu na hisia nyingine, na jirani yake hipokampasi, panapohifadhiwa kumbukumbu. Macho na masikio taarifa zao hupitishwa kwanza kituo cha kati, thalamasi, kama barua zinazopita kwa katibu muhtasi. Harufu huingia kwa bosi bila kubisha hodi. Ndiyo maana unaweza kusikia harufu fulani ukajikuta una huzuni kabla hujajua umenusa nini.

Miezi ile nilijifunza upande wa pili wa jambo hilo. Watu hudhani ukikosa harufu unapoteza raha ndogo ndogo. Mimi nilipoteza kujisikia nipo mahali. Nilikuwa naingia chumbani kwangu kama mgeni. Mtoto wa dada akinikumbatia, nilikuwa nakumbatia picha. Sikuweza kulieleza hilo kwa watu bila kuonekana nina mambo, kwa hiyo nikaacha.

Sasa lavenda. Kimoja cha vitu vikuu ndani yake kinaitwa linalooli. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, waliwavutisha panya mvuke wa linalooli, kisha wakawapima kwa vipimo vya woga: kisanduku chenye upande wa mwanga na upande wa giza, na kichanja cha juu chenye njia zilizo wazi. Panya waliovuta wakawa wajasiri zaidi, bila kulegea viungo kama wanavyolegea kwa dawa za usingizi. Wakawachoma dawa inayoziba vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, vile vile vinavyotumiwa na dawa za kutuliza wasiwasi, na utulivu ukatoweka. Kisha wakafanya lile jaribio ambalo mimi nililisoma nikiwa nimesimama: wakachukua panya walioharibiwa uwezo wa kunusa, wakawavutisha linalooli ile ile. Hakuna kilichotokea.

Nilimsomea dada kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hao ni panya."

Lakini daftari langu lilikuwa na tatizo. Mimi nilikuwa panya yule yule asiyenusa, na nilikuwa ninalala. Sikuacha kudondosha lavenda kwenye foronya hata baada ya kupoteza harufu, mkono ulikwishazoea. Wiki mbili niliandika: usiku niliodondosha, na usiku niliojizuia kwa makusudi. Usiku wa kudondosha nilipata usingizi mapema karibu kila mara. Usiku wa kujizuia nilikuwa napinduka kama chapati. Na sikusikia hata chembe.

Ningeweza kusema ni dawa inayoingia kwa mapafu, na maelezo hayo si ya kupuuzwa. Ukivuta hewa yenye mafuta haya, sehemu yake huingia kwenye damu kupitia mapafuni, na kwa kuwa molekuli zake ni ndogo na zinapenda mafuta, zinaweza kufika ubongoni bila kuomba ruhusa ya pua. Mwaka 2012 Mark Moss na Lorraine Oliver wa Chuo Kikuu cha Northumbria walikalisha watu 20 kwenye chumba chenye harufu ya rozimeri, mmea wa kiungo, wakawapa hesabu za kutoa namba kwa mfululizo na kazi nyingine za umakini, kisha wakapima damu. Walikuta humo sinioli, kimoja cha viungo vikuu vya mafuta ya rozimeri, na waliokuwa nayo nyingi zaidi walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo dada hakukosea kabisa: upo mlango ambao hauhitaji kunusa. Ila kundi la watu 20 ni dogo, na kitu kuandamana na kingine hakumaanishi kimoja kimemzaa mwenzake. Hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza.

Kwa upande wangu matone mawili kwenye pembe ya foronya, dirisha likiwa wazi, siyo chumba cha maabara kilichojaa mvuke. Nilichokuja kuamini ni kitu cha kawaida zaidi. Nilipodondosha lavenda nilikuwa nafanya mambo matatu mengine bila kuyahesabu: naweka simu sebuleni, nalala upande wa ukutani, na navuta pumzi ndefu kwa pua mara kumi hivi, nikitafuta harufu. Usiku wa kujizuia sikuvuta hizo pumzi, na simu ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimebadilisha mambo manne nikaandika moja. Mkaguzi mzima!

Na ile pumzi yenyewe ina lake. Mwaka 2016 Christina Zelano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kwamba kupumua kwa pua huupa mdundo umeme wa ubongo katika amigdala na hipokampasi. Watu walitambua uso wenye hofu haraka zaidi wakati wa kuvuta pumzi kwa pua, na tofauti hiyo ikapotea walipopumua kwa mdomo. Hakukuwa na harufu yoyote pale, ni hewa tupu. Mara nyingine nafikiri nusu ya kazi ya kichupa ni kumpa mtu sababu ya kuvuta pumzi taratibu.

Nusu nyingine ni matarajio, na hapa waumini hukasirika, ingawa sioni kwa nini. Mwaka 2005 watafiti wa Oxford waliwanusisha watu kitu kimoja kile kile, mara wakiambiwa ni jibini, mara wakiambiwa ni mwili wenye jasho. Walioona neno "jibini" walisema inapendeza zaidi, na si mdomo tu uliobadilika. Picha za ubongo nazo zilibadilika. Matarajio hufanyika ndani ya nyama na damu kama kitu kingine chochote.

Hata hivyo si kila kitu ni matarajio. Utafiti ninaoupenda kuliko yote ulifanywa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, ukachapishwa 2008. Watu 56, harufu ya limau, lavenda au maji. Wengine waliambiwa watarajie nini, wengine hawakuambiwa. Limau iliinua hali ya moyo ya watu, waambiwe wasiambiwe. Lavenda, mpenzi wangu wa miaka sita, haikufua dafu. Kisha wakapima mambo ya mwili: homoni ya msongo kwenye mate, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, kasi ya ngozi kujirekebisha baada ya kuchubuliwa kwa mkanda wa gundi, maumivu ya kutumbukiza kiungo kwenye maji ya barafu. Hakuna kati ya hivyo kilichobadilika kwa namna ya kutegemeka. Moyo ulifurahi, mwili ukaendelea na shughuli zake.

Dada husahau sehemu ya pili ya tafiti za namna hiyo. Mwaka 2023 alinitumia habari iliyosema harufu za usiku zinaongeza kumbukumbu kwa asilimia 226. Nikaenda kuisoma. Ilitoka Chuo Kikuu cha California, Irvine; wazee wenye miaka 60 hadi 85, kikundi kidogo, harufu kwa saa mbili kila usiku kwa miezi sita. Hiyo 226 ilikuwa tofauti kati ya makundi mawili katika kipimo kimoja cha kukumbuka orodha ya maneno. Ni jambo la kufuatiliwa kwa shauku, ila siyo kwamba bibi atakumbuka mara tatu ya anavyokumbuka leo. Nilimwandikia hivyo. Alijibu kwa picha ya mtu anayefunga masikio.

Tuligombana kweli mara moja tu, na sababu ilikuwa mashine ya ukungu. Alininunulia kile chombo cha umeme kinachopuliza mafuta hewani, akakiwasha chumbani mchana kutwa, madirisha yamefungwa "ili isipotee". Mimi sikusikia chochote, na hiyo ndiyo hatari ya pua iliyokufa: huna kengele. Mtoto wake ana pumu. Jioni alianza kukohoa, kifua kikabana, tukamkimbizia dawa yake ya kuvuta. Paka wetu alikuwa amejikunja chini ya kitanda, mate yanamtoka.

Baadaye nilisoma nikaogopa zaidi. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja baadhi ya viungo vilivyomo kwenye mafuta haya, kwa hiyo hujikusanya mwilini. Limonini, ile inayofanya limau linukie, ikikutana na gesi ya ozoni iliyomo hewani hutengeneza formaldehaidi, gesi yenye sumu, na chembe ndogo ndogo zinazoingia mapafuni. Mafuta ya mkaratusi, hata kijiko kimoja cha chai, yakimezwa na mtoto mdogo yanaweza kumletea degedege na kupoteza fahamu. Mentholi au kafuri ikipakwa karibu na pua ya mtoto mchanga inaweza kumbana koo akashindwa kupumua. Na mwaka huo huo wa 2021, huko Marekani, marashi fulani ya kupuliza chumbani yenye harufu ya lavenda yalikutwa na bakteria wa melioidosisi, ugonjwa hatari. Watu wanne waliugua katika majimbo manne tofauti, wawili wakafa. "Ya asili" ni neno la kwenye lebo. Mashine ile niliirudisha kwa dada ikiwa ndani ya boksi lake, na siku tatu hatukuongea.

Zoezi la chupa nne sikuliacha. Wiki ya kumi karafuu ilipata alama ya moja. Mwezi wa saba limau lilirudi, lakini limepinda, linanukia kama mpira ulioungua, na sabuni na dawa ya meno nazo zikashika harufu hiyo hiyo. Daktari alisema ni dalili njema. Virusi vile kwa kawaida hushambulia zaidi seli zinazozitegemeza neva za kunusa kuliko neva zenyewe, na neva hizo huzaliwa upya maisha yote. Zikirudi hushikana ovyo mwanzoni. Nikavumilia kunywa maji huku nimebana pua kama mtoto.

Lavenda ilirudi mwisho kabisa, Novemba, na si ile. Sasa inanukia kama mchongo wa penseli, na chini yake kitu kitamu cha mbali ambacho lazima nikisubiri. Nimeizoea. Bado nadondosha matone mawili kwenye pembe ya foronya, simu nimeiacha sebuleni, dirisha wazi. Paka akisikia kizibo kinafunguka hunyanyuka miguuni pangu, huniangalia, na kutoka zake. Kwa hiyo mlango wa chumbani nao siku hizi haufungwi.